Saa Mbili Ndani ya Sanduku Moja: Historia ya Kupima Kasi ya Prosesa

Prosesa ya kompyuta huenda kwa mapigo ya umeme. Pigo likifika, swichi zake ndogo hubadili hali, hesabu husogea hatua moja, kisha zote husubiri pigo linalofuata. Prosesa za mezani za leo hupiga mara bilioni nne, tano, hata zaidi kwa sekunde, nasi hufupisha habari yote hiyo kwa neno gigahezi. Lakini prosesa yenyewe haijui sekunde ni nini. Inachokijua ni mapigo yake tu. Muuguzi anayehesabu mapigo ya moyo hushika kifundo cha mkono wa mgonjwa huku jicho liko kwenye saa, na kompyuta nayo haina njia nyingine. Ili ijue prosesa yake inakwenda kwa kasi gani, inahitaji saa ya pili, isiyoyumba prosesa inapoyumba.

Wengi wanaosoma kasi kwenye kioo cha kompyuta hawaioni saa hiyo ya pili, wala hakuna anayewaambia kuwa ipo. Ndiyo maana mashine moja, kwa dakika ileile, inaweza kuonyesha kasi tatu tofauti katika programu tatu, na kila programu ikawa na hoja yake. Kuelewa tulifikaje hapo kunataka turudi nyuma, kabla hata ya kompyuta za mezani.

Kwatzi na televisheni ya rangi, 1880–1981

Mwaka 1880, huko Paris, ndugu wawili Pierre na Jacques Curie waligundua kwamba fuwele za madini fulani, kwatzi ikiwa mojawapo, hutoa umeme zikibanwa. Mwaka uliofuata wakathibitisha kinyume chake: fuwele ikipewa umeme hujikunja kidogo. Kipande cha kwatzi kilichokatwa kwa kipimo maalumu hutetemeka kwa kasi ileile siku zote, na mwaka 1927 Warren Marrison na J. W. Horton wa Bell Labs, Marekani, walitumia tabia hiyo kutengeneza saa ya kwanza ya kwatzi. Hata fuwele za bei ya chini zinazowekwa kwenye kompyuta hukosea sehemu makumi machache tu kwa milioni. Kosa la sehemu 50 kwa milioni ni sekunde 4 na ushei kwa siku nzima.

Namba iliyokuja kutawala kompyuta za mezani haikuchaguliwa na watu wa kompyuta. Desemba 1953 Marekani iliidhinisha mfumo wake wa televisheni ya rangi, na ndani ya mfumo huo rangi zilibebwa na wimbi la megahezi 3.579545. Televisheni zikasambaa, viwanda vikatengeneza kwa wingi fuwele za kiwango hicho na za mafungu yake, bei ikashuka. IBM ilipokuwa ikiunda kompyuta yake ndogo huko Boca Raton, Florida, ilitaka mashine hiyo iweze kuunganishwa na televisheni ya nyumbani. Wahandisi wakachukua fuwele ya megahezi 14.31818, mara nne ya ile ya rangi. Wakaigawa kwa 3 wakapata 4.77, na hiyo ikawa kasi ya prosesa, Intel 8088. Wakaigawa kwa 12 wakapata 1.193182, ikawa kasi ya kipima muda, chipu ya Intel 8253, iliyokuwa ikiishtua prosesa mara 18.2 kwa sekunde ili mfumo ujue muda unavyopita. Kompyuta hiyo ilitangazwa tarehe 12 Agosti 1981.

Jambo la kuzingatia ni kwamba saa ya prosesa na saa ya kipima muda zilizaliwa na fuwele moja. Kwa kila pigo moja la kipima muda, prosesa ilipiga mara 4 kamili. Hata kama fuwele ingekwenda mrama, zote mbili zingekwenda mrama pamoja, na uwiano ungebaki uleule. Kupima kasi kutoka ndani ya mashine ya aina hiyo hakuwezi kumfundisha mtu lolote. Wala hapakuwa na haja, kwa kuwa kila kompyuta ya aina hiyo ilikwenda kwa 4.77, na waandishi wa programu waliichukua namba hiyo kama jambo lisilobadilika. Mwenye kuandika mchezo alihesabu amri ngapi zinatosha kupoteza sehemu ya sekunde, akaziandika hivyo hivyo.

Kitufe cha Turbo, 1984–1992

Mwaka 1984 IBM ilitoa kompyuta ya AT yenye prosesa ya 80286, na humo saa zikatengana. Fuwele ya 14.31818 ilibaki kwa ajili ya kipima muda, lakini prosesa ilipewa fuwele yake, ya megahezi 12, iliyogawanywa kwa 2 kupata 6. Zaidi ya hapo iliwekwa saa ya tatu yenye betri, chipu ya Motorola MC146818, inayoendeshwa na fuwele ya hezi 32,768, ili mashine ikumbuke tarehe hata ikizimwa. Namba hiyo ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 15, kwa hiyo ni rahisi kuigawa nusu kwa nusu mpaka ibaki sekunde moja.

Fuwele ya prosesa ilikuwa imechomekwa tu, haikulehemiwa. Wenye AT waligundua upesi kwamba ukiing'oa na kuchomeka ya megahezi 16, kompyuta inakwenda kwa 8 badala ya 6 kwa gharama ndogo sana. Ilikuwa njia ya kwanza iliyoenea ya kupandisha kasi kupita kiwango cha kiwandani. IBM haikupendezwa. Katika matoleo ya baadaye ya AT, programu ya kuwashia mashine ilipima kasi ya prosesa kwa kuilinganisha na kipima muda, na ikikuta imezidi kiwango ilikataa kuendelea. Yaani upimaji wa kasi ndani ya kompyuta ya mezani uliingia kama mlinzi wa mtengenezaji, kabla haujawa msaada wa mwenye mali.

Wakati huohuo wapinzani wa IBM walikuwa wakiuza mashine zinazokwenda kwa 8, 10, 12. Ile michezo iliyohesabu amri ikawa haichezeki. Maadui walivuka kioo kabla mchezaji hajagusa kitufe. Dawa ikawa kitufe cha Turbo mbele ya sanduku. Jina lake liliwachanganya watu, kwa sababu kazi yake halisi ilikuwa kupunguza mwendo, ili programu za zamani zipate ile 4.77 au kitu cha kukaribiana nayo.

Juu ya kitufe hicho, kwenye masanduku ya mwisho wa miaka ya 1980 na miaka ya 1990, palikuwa na kidirisha chenye tarakimu nyekundu au za kijani: 33, 66, 100. Ukibonyeza kitufe, 33 inageuka 8. Vijana wengi wa enzi hizo waliamini kidirisha kile kinapima. Hakikuwa kinapima kitu. Nyuma yake kulikuwa na safu za pini ndogo na vifuniko vyake, jampa, na fundi aliyeunganisha mashine ndiye aliyezipanga ili kila mstari wa kila tarakimu uwake au uzimike kadiri alivyotaka. Angeweza kuandika 99 juu ya mashine ya 16. Ukiacha waya za umeme, waya pekee uliofika pale ulitoka kwenye kitufe, kusema tu kama kimebonyezwa au la. Nakitaja kidirisha hiki kwa kirefu kwa sababu tabia yake haijafa. Hadi leo sehemu kubwa ya "kasi" tunazoonyeshwa ni maandishi yaliyopangwa mapema.

Aliyetaka kupima kweli alitumia programu. Mbili zilivuma: kipimo cha Peter Norton, kilicholinganisha mashine na kompyuta ya IBM iitwayo XT, iliyopewa alama 1, na Landmark, iliyotoa jibu kwa megahezi za AT, yaani AT ingepaswa kwenda kwa kasi gani ili ilingane na mashine yako. Namna ya kufanya kazi ilikuwa moja. Programu husubiri kipima muda kipige, huanza kuzungusha kitanzi cha amri, kisha huhesabu mizunguko mpaka kipima muda kipige tena. Kasoro ilikuwa kwenye kitanzi chenyewe. Prosesa ya 486 ilipofika mwaka 1989 na kumbukumbu ya haraka ndani yake, kitanzi kidogo kilikaa chote humo na kuzunguka kwa mizunguko michache mno ya saa, basi Landmark ikaonyesha megahezi nyingi kuliko zilizokuwepo. Wauzaji waliichapisha namba hiyo kwenye matangazo bila maelezo.

Kihesabio kilichofichwa, 1992–1999

Mwaka 1992 Intel ilitoa 486DX2, prosesa inayopokea megahezi 33 kutoka kwenye bodi kuu, ile mafundi wanayoiita madabodi, kisha ndani yake inazizidisha kwa 2. Kuanzia hapo kasi ya prosesa ikawa zao la namba mbili, kasi ya msingi inayotoka nje na kizidisho kilichomo ndani. Ufundi huu ndio uliofungua njia ya kasi zote zilizofuata, kwa kuwa bodi ingeweza kubaki polepole na prosesa ikakimbia.

Mwaka uliofuata, tarehe 22 Machi 1993, ikaja Pentium, na ndani yake kitu ambacho wapimaji walikihitaji tangu mwanzo: kihesabio, yaani rejista ya biti 64 inayoongezeka kwa moja kila saa ya prosesa ikipiga, na amri iitwayo RDTSC ya kuisoma. Sasa hapakuwa na haja ya kitanzi cha kubahatisha. Soma rejista, ngoja sekunde moja kwa saa nyingine, soma tena, toa. Ukipata milioni 166, prosesa inakwenda kwa megahezi 166. Ajabu ni kwamba Intel haikuitangaza kwa kila mtu. Maelezo yake yaliwekwa kwenye nyongeza ya kitabu cha Pentium iliyotolewa kwa waliotia saini mkataba wa kutunza siri. Mnorwe mmoja, Terje Mathisen, alichunguza mwenyewe jinsi vihesabio hivyo vinavyofanya kazi na kuandika matokeo katika jarida la Byte mwezi Julai 1994. Naiona makala ile kuwa ya maana kubwa katika habari hii nzima, kwa sababu iliweka kipimo bora mikononi mwa yeyote anayeweza kuandika programu.

Haja ilikuwapo. Katikati ya miaka ya 1990 wahalifu walinunua prosesa za kasi ndogo, wakafuta maandishi juu yake, wakachapa namba kubwa zaidi na kuziuza kwa bei ya namba hiyo. Udanganyifu uliwezekana kwa sababu kizidisho kilipangwa kwa jampa kwenye bodi: chipu ya 133 iliyopewa 66 mara 2.5 ingekwenda kwa 166, kwa muda, mpaka joto liizidi. Hapa RDTSC haikumsaidia mnunuzi. Ilisema kweli kwamba chipu inakwenda kwa 166. Haikuweza kusema kwamba kiwanda kiliithibitisha kwa 133 tu. Ikadhihirika kuwa kuna maswali mawili tofauti, mashine inakwenda kwa kasi gani sasa, na iliahidiwa kwenda kwa kasi gani. Intel ilijibu kwa kukifunga kizidisho ndani ya prosesa, na baadaye kwa kuliandika jina kamili la prosesa, pamoja na kasi iliyoidhinishwa, ndani ya chipu yenyewe ili programu ilisome. Waliopenda kupandisha kasi wakahamia kwenye ile namba nyingine: Celeron 300A ya Agosti 1998 ilikuwa na kizidisho cha 4.5 kisichogeuka, lakini ukiiweka kwenye bodi ya megahezi 100 badala ya 66 ilipiga 450 bila shida.

Programu za zamani nazo zilikuwa zikilipa deni. Zile zilizoandikwa kwa Turbo Pascal zilianza kwa kuhesabu mizunguko ya kitanzi katika pigo moja la kipima muda, milisekunde 55, kisha zikagawa hesabu hiyo kwa 55 na kuweka jibu kwenye nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 65,535. Prosesa zilipokaribia megahezi 200 jibu likazidi nafasi, na programu ikafa papo hapo kwa kosa namba 200, kabla haijaonyesha hata menyu. Ofisi nyingi zilipoteza programu za mishahara na za stoo kwa namna hiyo, na sababu ilikuwa kwamba mwandishi wa miaka kadhaa nyuma hakuwazia kasi hiyo.

Mbio za gigahezi, 2000–2004

Tarehe 6 Machi 2000 AMD ilitangaza Athlon ya gigahezi 1, na Intel ikafuata siku mbili baadaye. Mwezi Agosti mwaka huohuo Intel ililazimika kuirudisha Pentium III ya gigahezi 1.13 kwa kuwa haikuwa thabiti. Kisha ikaja Pentium 4, iliyokatakata kazi ya kila amri katika hatua nyingi fupi ili saa iweze kupigwa haraka zaidi. Ilipiga haraka, ikafanya kazi kidogo kwa kila pigo. AMD, iliyokuwa ikifanya kazi zaidi kwa kila pigo, ikaona namba ya megahezi inaiumiza sokoni, na Oktoba 2001 ikaacha kuitumia kwenye majina: Athlon XP 1800+ ilikuwa na megahezi 1533. Mnunuzi aliyepima alipata 1533 na kudhani ameibiwa. Kipimo kilikuwa sahihi, prosesa ilikuwa nzuri. Jina ndilo lililomtatiza.

Tatizo zito zaidi lilikuwa joto. Pentium 4 ilipochemka kupita kiasi ilijikinga kwa kuzuia baadhi ya mapigo, ikifanya kazi kwa kitambo na kutulia kwa kitambo. Programu nyingi za kupima zilikuwa zikizidisha kasi ya msingi kwa kizidisho, na katika hali hiyo hakuna kati ya namba hizo mbili iliyobadilika. Kioo kilisema gigahezi 3 huku nusu ya kazi ikiwa imesimama. Mwenye mashine aliona video inakwama na hakuwa na namba ya kumweleza kwa nini.

Mbio hizo zilifika ukutani mwaka 2004. Mwezi Oktoba Intel ilifuta mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4, na mkuu wake, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani mbele ya wataalamu waliokusanyika Florida, akiomba radhi. Tangu hapo njia ikawa kuongeza viini, yaani sehemu zinazofanya hesabu, ndani ya prosesa moja, na kuubana umeme.

Kihesabio chapoteza maana, 2003–2008

Kubana umeme kulianzia kwenye kompyuta za kubeba mwaka 2000 na kufika mezani mwaka 2003 kwa Athlon 64. Mashine ikiwa haina kazi, kizidisho kinashuka. Kazi ikija, kinapanda. Watu walinunua mashine ya gigahezi 2, wakafungua programu ya kupima, wakakuta gigahezi 1 au chini yake. Mashine ilikuwa nzima, ilikuwa imepumzika. Lakini ile rejista ya Pentium, iliyoongezeka kwa kila pigo, ilipumzika nayo, na waandishi wa programu walikuwa wameshazoea kuitumia kama saa ya kawaida.

Kishindo kilikuja na Athlon 64 X2 ya Mei 2005, prosesa yenye viini viwili. Kila kiini kilikuwa na rejista yake, na kwa kuwa vililala na kuamka kwa nyakati tofauti, hesabu zao ziliachana. Mchezo ukisoma muda kwenye kiini kimoja, kisha ukahamishiwa kwenye kingine, uliweza kuona muda umerudi nyuma. Wahusika waliruka, waliganda, walikimbia kama wamepagawa. Suluhisho lililotumika kwenye Windows lilikuwa kuiandikia faili ya kuwashia mfumo amri ya kuacha rejista ya prosesa na kutumia kipima muda cha bodi. Na kipima muda hicho, kilichowekwa katika viwango vya mwaka 1996 vya Intel, Microsoft na Toshiba, kinapiga kwa megahezi 3.579545. Wimbi la rangi la mwaka 1953 ndilo lililorudisha utulivu ndani ya prosesa ya mwaka 2005.

Watengenezaji nao walijifunza. Waliibadili rejista ile ili ihesabu kwa kasi moja isiyobadilika, prosesa iwe inakimbia, inatembea au imelala. Intel ilikamilisha jambo hilo katika prosesa za Core i7 za Novemba 2008. Rejista ikawa saa nzuri kuliko zote zilizotangulia. Lakini kwa mpimaji wa kasi ilikuwa hasara: ile njia ya Mathisen, soma, ngoja, soma tena, toa, sasa inatoa kasi ileile iliyoidhinishwa kiwandani kila siku, hata kama prosesa inapiga chini au juu yake. Programu za zamani zinazotumia njia hiyo bado zinafunguka kwenye mashine mpya na kutoa namba yenye desimali nyingi, inayoonekana imepimwa kwa uangalifu, na isiyohusiana na mwendo wa prosesa wakati ule.

Kasi isiyo moja, tangu 2008

Core i7 hiyohiyo ilileta Turbo Boost. Prosesa ya i7-920 ilikuwa na msingi wa megahezi 133 na kizidisho cha 20, yaani gigahezi 2.66. Joto na umeme vikiruhusu, ilijipandishia kizidisho hadi 21, au 22 kiini kimoja kikiwa peke yake kazini, ikafika 2.93. Uamuzi huo hufanywa ndani ya prosesa, mara nyingi kwa sekunde, bila kuuliza mfumo endeshi. Programu inayosoma kizidisho mara moja kwa sekunde huona hali ya nukta moja tu, na nukta hiyo huenda haifanani na zilizopita kabla na baada yake.

Kwa hiyo kipimo kinachoaminika kikawa cha wastani, kinachotegemea vihesabio viwili vilivyomo katika kila kiini, APERF na MPERF. MPERF huhesabu kwa kasi ya msingi ya prosesa yenyewe, ile iliyoidhinishwa kiwandani, APERF huhesabu mapigo halisi, na vyote viwili husimama kiini kinapolala. Chukua prosesa ya msingi wa gigahezi 3.6. Katika sekunde moja ya kazi mfululizo MPERF imeongezeka bilioni 3.6 na APERF bilioni 4.2. Gawa APERF kwa MPERF, zidisha kwa 3.6, unapata gigahezi 4.2. Sasa chukua sekunde nyingine ambayo kiini kiliamka kwa sehemu moja ya kumi tu: MPERF milioni 360, APERF milioni 420. Ukigawa unapata 4.2 ileile, na ni kweli, kwa kuwa kilipokuwa macho kilikwenda hivyo. Lakini mapigo yaliyofanya kazi ndani ya sekunde hiyo yalikuwa milioni 420, sawa na gigahezi 0.42. Namba zote mbili ni sahihi. Programu ya turbostat, iliyoandikwa na Len Brown wa Intel kwa ajili ya Linux, huzitoa zote mbili kando kwa kando, na ndiyo sababu naiheshimu kuliko programu zenye picha za kupendeza.

Tofauti ndogo pia zina chanzo. CPU-Z ya Mfaransa Franck Delattre, ambayo matokeo yake hutumika kuthibitisha rekodi za kasi duniani, mara nyingi huonyesha kasi ya msingi ya bodi ya megahezi 99.8 mahali ambapo kitabu cha bodi kinasema 100. Bodi nyingi huyumbisha kasi hiyo kwa makusudi, chini ya nusu asilimia hivi, ili nishati ya mawimbi isijikusanye mahali pamoja na kuingilia redio.

Saa ikidanganywa, na mpimaji akiharibu kipimo, 2013 na 2019

Agosti 2013 mtandao wa HWBOT, unaotunza rekodi za wanaopandisha kasi, ulikataa matokeo yaliyopatikana kwenye Windows 8. Ilikuwa imegundulika kwamba ukibadilisha kasi ya msingi ya bodi wakati mfumo huo unaendelea kufanya kazi, saa ya Windows yenyewe inaharibika. Ukishusha kasi, saa ya mashine inachelewa, na jaribio lililochukua dakika tano na zaidi za ukutani linahesabiwa kuwa la dakika tano. Mashine iliyopunguzwa mwendo ilipata alama nzuri kuliko ilivyostahili. Windows 7 haikuwa na kasoro hiyo. Saa ya pili ilikuwa imefungwa tena kwenye saa ya kwanza, kama ilivyokuwa mwaka 1981, na hakuna aliyeona mpaka watu walipoilinganisha na saa ya nje.

Mwaka 2019 likaja tatizo la aina nyingine. Prosesa za Ryzen 3000, zilizotoka tarehe 7 Julai, hulaza viini na kuviamsha haraka mno. Wamiliki walilalamika kwamba mashine zikiwa zimetulia bado zinaonyesha kasi ya juu na volteji ya juu. AMD ilieleza kwamba programu za kupima, kwa kuuliza mara kwa mara, zilikuwa zikiviamsha viini vilivyolala na kisha kuripoti kwamba viko macho. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, lakini hayakufuta malalamiko mengine, ya waliokuwa hawaifikii kasi ya juu iliyoandikwa kwenye boksi. Tarehe 10 Septemba AMD ilikiri kuwa programu ya ndani ya bodi ilikuwa na hitilafu, ikatoa sahihisho la kuongeza megahezi 25 hadi 50. Bila wateja waliopima kwa makini, hitilafu hiyo ingebaki. Katika kipindi hicho HWiNFO ya Martin Malík iliongeza safu ya kasi halisi ya wastani kwa kila kiini, inayohesabu pia muda wa usingizi, na sasa wengi huitazama hiyo kwanza.

Unapopima leo

Prosesa nyingi za Intel tangu Novemba 2021 zina viini vikubwa na vidogo vyenye kasi tofauti ndani ya chipu moja, kwa hiyo hata swali "prosesa hii ina gigahezi ngapi" linataka kuulizwa kwa kila kiini. Ukurasa wa mfumo katika Windows bado huonyesha mstari kama "i5-4570 @ 3.20GHz". Hilo ni jina, limechapwa kiwandani, na litabaki 3.20 hata mashine ikiungua. Kidhibiti cha kazi cha Windows kinafanya vizuri zaidi: kina mstari wa kasi ya sasa unaokokotolewa na mstari wa kasi ya msingi kando yake.

Ukienda kununua kompyuta ya mezani iliyotumika, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, usikubali kuonyeshwa jina pekee. Mwombe muuzaji dakika kumi. Fungua HWiNFO, weka muda wa kusoma uwe sekunde mbili au zaidi ili kipimo kisiiamshe mashine bila sababu, kisha vipe viini vyote kazi nzito, kama kubana video kubwa. Tazama safu ya kasi ya wastani pamoja na joto, na usiamue kwa dakika ya kwanza, maana prosesa nyingi huruhusiwa kukimbia mwanzoni kisha hutulia. Kasi ikikaa juu ya ile ya msingi mpaka mwisho, prosesa ni nzima. Ikishuka chini yake huku joto likikaribia nyuzi 100, yaelekea vumbi limejaa kwenye feni au dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka. Mashine isafishwe na kupakwa dawa mpya mbele yako kabla hujalipa.